Nani Angempiga Nani?

Mwaka 1985 Hollywood ilitoa filamu mbili za mtu mmoja anayemaliza jeshi zima: ya pili katika mfululizo wa Rambo, iliyochezwa na Sylvester Stallone, na Commando ya Arnold Schwarzenegger. John Rambo na John Matrix hawakuwahi kukutana, lakini hilo halikuzuia vibanda vya video kuwaka moto kwa ubishi wa nani zaidi. Kila ubishi wa namna hii huwa na mtu wake wa kuuzima: yule anayesema kwamba mnagombania watu wasiokuwepo, na kwamba mshindi ni yeyote ambaye mwandishi ametaka ashinde. Stan Lee, mmoja wa waliowabuni Spider-Man na Hulk, alipoulizwa alikuwa akijibu hivyohivyo. Ni jibu la kweli, ila halijawahi kumnyamazisha shabiki hata mmoja, na shabiki ana haki ya kutonyamaza. Mwandishi anaweza kuandika matokeo anayoyataka. Kutufanya tuyaamini ni kazi nyingine, na kalamu peke yake haitoshi. Mashabiki wanaobishana kwa makini hawapimi misuli ya mtu. Wanapima ushahidi.

Kesi iliyo wazi kuliko zote ni ya mwaka 1996, pale kampuni mbili kubwa za vitabu vya katuni za Marekani, Marvel na DC, zilipokubaliana kuwapambanisha mashujaa wao katika hadithi ya pamoja ya matoleo manne. Mapambano makuu yalikuwa 11. Matano waliachiwa wasomaji wayaamue kwa kura, na sita yakaamuliwa na kampuni zenyewe. Anza na hayo sita. Aquaman wa DC alimwangushia Namor nyangumi mzima. Flash na Robin nao wakaipatia DC ushindi. Upande wa Marvel walishinda Thor, Silver Surfer na Elektra. Tatu kwa tatu. Aliyewahi kuona wabia wawili wakigawana faida bila kutaka kununiana anaujua mtindo huu. Hakuna aliyekaa akauliza Elektra na Catwoman wakikutana juu ya paa itakuwaje. Kilichoulizwa ni nani bado anadai ushindi wake. Na msomaji aliyefika mwisho akahesabu, aliligundua hilo.

Kura za wasomaji hazikuwa na adabu hiyo. Superman alimshinda Hulk, Batman akamshinda Captain America, Spider-Man akamshinda Superboy, Wolverine akamshinda Lobo, na Storm akamshinda Wonder Woman. Kasheshe ilikuwa kwa Lobo. Huyu ni mamluki wa anga za juu ambaye katika vitabu vyake amewahi kutwangana ana kwa ana na Superman, na mwili wake hujiunda upya hata ukisambaratishwa. Wolverine ana makucha ya chuma na majeraha yake hupona haraka, lakini ni wa daraja jingine kabisa. Kura zikampa yeye, basi wachoraji ikawabidi waonyeshe jinsi alivyoshinda. Walichofanya ni kuwapeleka wapiganaji hao baa, wakawaangusha nyuma ya kaunta, na msomaji akabaki anaitazama kaunta hadi Wolverine alipoibuka peke yake, biri mdomoni. Ngumi iliyommaliza Lobo haikuchorwa popote. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko maelezo yoyote: watu waliokuwa na kalamu mkononi na kura mezani walikosa namna ya kuuchora ushindi huo ukaaminika, wakauficha.

Linganisha na Storm. Yeye alibuniwa mwaka 1975 na Len Wein na Dave Cockrum, mtoto wa mama Mkenya na baba Mmarekani mweusi, na uwezo wake ni kuamrisha hali ya hewa. Wonder Woman alikuwa ameokota nyundo ya Thor na kuonekana anastahili kuishika, kisha akaiweka chini kwa sababu hakutaka kumzidi mpinzani wake kwa silaha ya kuazima. Storm akamshindilia radi mpaka akaanguka. Mashabiki wa Wonder Woman hulalamika kwamba kura ilipima umaarufu tu, maana tangu mwaka 1992 X-Men walikuwa na kipindi chao cha katuni kwenye televisheni na Storm alikuwa akiingia sebuleni mwa watu kila wiki. Huenda wana hoja kuhusu kura. Lakini pambano lenyewe lilichorwa waziwazi, kwa uwezo ambao Storm amekuwa nao tangu siku ya kwanza, dhidi ya mtu ambaye heshima yake ndiyo iliyompunguzia silaha. Kura zote mbili zilikuwa za umaarufu. Ushindi mmoja ulisimama, mwingine ukajificha nyuma ya kaunta. Kwa hiyo hata wingi wa watu hautoshi kuyafanya matokeo yaaminike.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni tarakimu: kila mpiganaji apewe kipimo, mkubwa ashinde, twende nyumbani. Jambo hilo lilijaribiwa. Katika Dragon Ball ya Akira Toriyama, iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 1984, wavamizi kutoka anga za mbali wanavaa jichoni kifaa kinachosoma nguvu ya mtu. Mkulima mwenye bunduki anasomeka 5. Shujaa Goku anaporudi kumkabili mvamizi Vegeta anapita 8,000, na baadaye mvamizi mwingine, Freeza, anajitangazia 530,000. Mashabiki wamezikariri namba hizo kama wengine wanavyokariri matokeo ya ligi. Lakini angalia Toriyama anavyozitumia. Mara nyingi namba inatajwa ili yule anayeitegemea aumbuke, kwa kuwa Goku na wenzake wamejifunza kuificha nguvu yao na kuipandisha ghafla. Namba ni chambo, na anayenaswa ni mwenye kifaa.

Ukivuka kutoka kitabu kimoja kwenda kingine, hali ni mbaya zaidi. Superman wa mwaka 1938 hakuwa akipaa. Aliruka umbali wa takriban mita 200, na kombora lililopasuka liliweza kupenya ngozi yake. Miaka ilivyosonga waandishi walimwongezea uwezo mpaka akawa anasukuma sayari, kisha mwaka 1986 John Byrne akamwandika upya na kumpunguzia. Shabiki anayesema Superman angempiga Goku bado hajasema kitu mpaka ataje Superman yupi.

Ugomvi huu haukuzaliwa na katuni. Chukua Iliad ya Homer. Diomedes, ndani ya siku moja na kwa msaada wa Athena, anawajeruhi miungu wawili, Aphrodite na Ares. Achilles, aliye shujaa mkuu wa utenzi huo, anajeruhiwa mkono na Asteropaeus, kisha anakaribia kuzama mtoni mpaka miungu wamwokoe. Anayehesabu matendo peke yake atampa Diomedes ushindi, na atakuwa amekosea, kwa sababu utenzi mzima umejengwa juu ya jambo moja: Achilles akisusa vita, Wagiriki wanachinjwa, na Diomedes yumo kambini. Huo nao ni ushahidi. Na ile habari ya Achilles kuchovywa na mama yake katika mto Styx ili asidhurike haimo katika Iliad. Tunaikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza. Ukimpambanisha Achilles na Fumo Liongo, ambaye masimulizi ya pwani yanasema hakuna kilichomuua ila sindano ya shaba kitovuni, kubalianeni kwanza kama ni Achilles anayetoka damu au yule wa Statius.

Waandishi nao wamejua siku zote kwamba kuna ushindi usioandikika. Katika Iliad hiyohiyo, Ajax wa Wagiriki anapambana na Hector wa Troy, anamjeruhi shingoni, anamwangusha kwa jiwe, na wakati kila kitu kinaelekea upande wake wapiga mbiu wanaingilia kati: giza linakuja, acheni. Wanapeana zawadi, upanga kwa mshipi. Homer hakuwa na njia nyingine, maana Hector alikuwa amewekwa akiba kwa Achilles, na steringi hafi kabla ya wakati wake. Mwaka 1976 Superman na Spider-Man walipokutanishwa kwa mara ya kwanza, hila ilikuwa ileile kwa mavazi mapya. Lex Luthor, adui wa Superman, alimmulika Spider-Man kwa siri kwa mionzi ya jua jekundu, ngumi zake zikaweza kumtikisa Superman. Mionzi ilipoisha, Spider-Man akabaki anaumiza mikono yake mwenyewe, na punde wakawa marafiki. Sare ziliandikwa na watu waliojua kwamba wasomaji wana rekodi za pande zote mbili.

Limebaki pingamizi la watu wazima, kwamba muda huu ungetumika kwa jambo la maana. Plato aliandika mazungumzo mazima ambamo Socrates anamhoji Hippias nani bora kati ya Achilles na Odysseus, na humo wanafika kwenye maswali magumu kuhusu uongo wa makusudi na kosa la kutojua. Sophocles alitunga tamthilia juu ya Ajax, aliyenyimwa silaha za marehemu Achilles kwa uamuzi wa kura zilizompa Odysseus. Ajax analalamika kwamba Achilles mwenyewe angekuwa hai, silaha hizo asingepewa mwingine. Waathene waliokaa kutazama waliijua Iliad vizuri, na Iliad inamtaja Ajax kuwa bora kuliko wote Achilles asipokuwepo. Waliweza kulipima dai lake papo hapo. Mtetezi wa Odysseus naye asingekosa la kusema: katika michezo ya maziko ya Patroclus, rafiki wa Achilles, Ajax na Odysseus walishikana mieleka, Odysseus akampiga Ajax nyuma ya goti akamwangusha, na Achilles akawaachanisha akiwapa zawadi sawa. Mtetezi wa Ajax atajibu kwamba mieleka si vita, na kwamba aliyemwangusha Hector kwa jiwe hapimwi kwa ngwala.