Si kila kamera ya barabarani inapima mwendo

Dereva anayetoka Nguvumali, Tanga, kushika njia ya Segera, kupitia Kange, Pongwe, Muheza na Hale, haoni tabu kujua trafiki wako wapi. Gari linalotoka mbele likimmulika taa mara mbili, ameshaelewa: kuna tochi, yaani kipima mwendo cha trafiki. Atakanyaga breki, atapita kwa adabu, kisha atarudi kwenye mwendo wake. Ujanja huo unafaa kwa baadhi ya vifaa tu. Vipo vingine visivyodanganyika hivyo, na vipo ambavyo havipimi mwendo kabisa.

Tochi za mkononi

Hizi ni za aina mbili. Tochi ya radari hutuma mawimbi ya redio. Yakigonga gari linalosogea, hurudi yakiwa yamebadilika idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, na badiliko hilo ndilo linalokokotolewa kuwa mwendo. Ni kanuni ileile inayofanya honi ya basi isikike nyembamba linapokuja na nzito likishapita. Aliyeieleza ni mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler, mwaka 1842.

Madereva wengine hulalamika kwamba askari akisimama pembeni ya barabara, radari humwongezea mtu mwendo. Hesabu inasema kinyume. Kadiri pembe inavyopanuka, radari husoma pungufu: kwenye pembe ya nyuzi 20, gari la kilomita 80 kwa saa husomeka kama 75. Udhaifu wake hasa ni mwale unaotawanyika, hivyo magari yakibanana, mpimaji anapaswa kuwa na hakika amepima lipi.

Tochi ya leza hupiga mapigo mengi ya mwanga usioonekana kwa macho, na kila pigo hupima umbali wa gari. Namna umbali huo unavyopungua ndani ya muda mfupi ndiyo hutoa mwendo. Mwale wake ni mwembamba, takriban mita 1 kwa upana ukifika mita 300, kwa hiyo unaweza kulenga bajaji moja kati ya magari mengi. Tochi nyingi za kisasa zina kamera ndani yake: picha hutoka na namba ya gari, mwendo, tarehe na saa.

Kamera za kusimikwa

Walio na ndugu Muscat wanayajua masanduku ya kamera yaliyopangwa kando ya barabara kuu. Mmojawapo wa mababu zake ni kifaa cha Maurits Gatsonides, dereva wa mbio za magari wa Uholanzi aliyeshinda Monte Carlo mwaka 1953. Alikibuni ili ajue mwendo wake mwenyewe kwenye kona. Baadaye polisi wakakitumia kwa madereva wengine.

Kamera ya wastani ni mtego wa namna nyingine. Huwa mbili: ya kwanza husoma namba ya gari na saa, na ya pili, kilomita kadhaa mbele, hufanya vivyo hivyo. Umbali ukigawanywa kwa muda, jibu ni mwendo wa wastani kati ya kamera hizo mbili. Kufunga breki mbele ya kamera hakumsaidii aliyekimbia katikati.

Kamera ya kwenye mataa huwa haijali mwendo. Hufunguka taa nyekundu ikiwaka, na hupiga picha gari linalovuka mstari. Kamera ya ulinzi ya kawaida hurekodi tu. Inayosoma namba hutambua gari ni la nani, lakini peke yake haijui linakwenda kasi gani.

Mabasi yana jicho jingine lisilo la barabarani. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hufuatilia mwendo wa mabasi kwa mfumo wa VTS, unaotumia setilaiti. Hapo hata taa za kumulikana hazifui dafu.

Kibao cha 50 na mwili wa binadamu

Sheria ya Usalama Barabarani inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa magari ya abiria na malori makubwa nje ya makazi. Tuseme mtoto anajitosa barabarani mita 28 mbele. Dereva wa 50, akitumia sekunde moja kushtuka na breki zikiwa nzima kwenye lami kavu, atasimama karibu kabisa na mtoto. Dereva wa 80 atamaliza mita 22 kabla mguu haujafika kwenye breki. Atamgonga akiwa bado kwenye kilomita 73 hivi.

Nguvu ya kugonga hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ya 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya 50. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye vifo hupanda kwa asilimia 4. Linasema pia kuwa mtembea kwa miguu akigongwa na gari la 65 badala ya 50, hatari ya kufa huongezeka mara 4.5.

Basi anayepunguza mwendo kwa trafiki na kuurudisha mita 200 mbele ameikwepa faini tu. Kibao cha 50 kinaendelea kuwahusu watu wa makazi yale mpaka mwisho wa makazi, tochi iwepo au isiwepo.