Kokoto za Georg Nees: Msimbo Unapokutana na Wino

Sanaa ya msimbo ni ile ambayo msanii haichori picha kwa mkono wake, bali huandika maagizo ambayo kompyuta huyafuata hadi picha ipatikane. Mwaka 1965, mjini Stuttgart, Ujerumani, mwanahisabati Georg Nees alionyesha michoro ya namna hiyo, katika maonyesho yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake.

Kazi yake mashuhuri, Schotter, neno la Kijerumani lenye maana ya kokoto, ina miraba 12 kwa upana na 22 kwa urefu. Safu za juu zimepangika kama vigae vilivyowekwa na fundi makini, lakini kadiri jicho linavyoshuka miraba inainama, inapandiana, mpaka ile ya chini kabisa imetawanyika kama kokoto zilizomwagwa na lori. Programu iliupa kila mraba pembe na mahali pake kwa nambari za nasibu, yaani nambari zisizokadirika mapema, huku uhuru wa nasibu hiyo ukipanuliwa safu baada ya safu.

Nakala iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, ni litografia. Uchapaji huu, uliobuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18, hutegemea uadui wa mafuta na maji: mchoro huwekwa juu ya jiwe au bamba kwa kitu chenye mafuta, jiwe hulowanishwa, kisha wino hushika penye mchoro tu na kukataa penye maji.

Programu ya Nees ikipewa nambari nyingine hutoa kokoto nyingine, tena bila kikomo, ilhali jiwe la mchapaji limekusudiwa kurudia kitu kilekile. Kwa hiyo msanii hulazimika kuamua ni picha ipi, kati ya maelfu yanayowezekana, inayostahili jiwe, wino na jasho. Na wanaodai kwamba kompyuta imemwondolea msanii kazi huisahau hatua hii, iliyo ngumu kuliko zote.

Siku hizi wapo wanaoiachia mashine ya leza ichonge mchoro wa programu kwenye ubao, kisha wao wenyewe wakapaka wino kwa rola na kukandamiza karatasi kwa mkono, na mstari uliokuwa umenyooka bila dosari kwenye skrini ukatokea karatasini ukiwa na nyuzi za mti ndani yake.