Hata lugha ya amri husalimu amri kwa mazoea

Kila nikisahihisha insha, sikosi kukutana na 'kifaru kimelala' au 'kijana kimefika'. Mwanafunzi ameona KI- pale mwanzoni, basi akakimbilia ngeli ya KI-VI. Kosa lake ni kuamini kwamba umbo pekee ndilo linaloamua upatanisho. Juzi nimeuona mtego huohuo mahali nisipoutarajia: katika lugha ambayo kompyuta hutumia kuviamrisha vifaa vya kupimia umeme.

Lugha hiyo, SCPI, ilitangazwa mwaka wa 1990 juu ya msingi wa kiwango cha IEEE 488.2 cha 1987. Kabla yake kila mtengenezaji alikuwa na lahaja yake. Ukibadilisha kifaa, unaandika programu upya.

Jinsi kitenzi 'kunywa' kinavyokataa 'ugali', ndivyo kila amri ya SCPI inavyochagua aina ya data ya kuandamana nayo. Kuna nambari: VOLT 5, au neno linaloisimamia, kama VOLT MAX. Kuna chaguo kutoka orodha maalumu: TRIG:SOUR EXT. Kuna ndiyo au la: OUTP ON au OUTP 1, ila ukikiuliza kifaa kitakujibu 1 au 0 tu. Kuna maandishi ndani ya alama za usemi. Kisha kuna furushi la data lililotanguliwa na hesabu yake: katika #15UHURU, 1 yaonyesha kuwa urefu umeandikwa kwa tarakimu moja, na 5 ndio urefu wenyewe.

Mtego uko kwenye nambari zenye vipimo. SCPI haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hivyo ilibidi mili na mega zitenganishwe. Ikaamuliwa M iwe mili, MA iwe mega. Basi VOLT 5 MV ni milivolti tano. Lakini mafundi walikwisha kuzoea MHZ kwa megahezi na MOHM kwa megaomu, na kanuni ikawapisha. Sasa anayetaka miliomu tano akiandika 5 MOHM, ameagiza mara bilioni moja zaidi, na kisarufi hana kosa!

Naam, MHZ ndiyo 'kifaru' wa lugha hiyo. Iwapo waliokaa kitako kuunda lugha ya mashine hawakuweza kuyakwepa mazoea, sembuse sisi tuliorithi yetu? Tumfunzapo mtoto kanuni, tumwonyeshe pia inapokomea.