Atomu nzito, umeme unateleza zaidi! Inakuwaje?

Leo siasa tuiweke pembeni, tuongee fizikia kidogo. Msikimbie!

Juzi hapa Tosamaganga nilikuwa napiga pasi, nikashika waya wa ekstensheni, wa moto! Ule moto ni umeme niliolipia kwenye Luku ukapotea bure. Huo ndio ukinzani, na hata umeme wa Kihansi unapungua hivyo hivyo njiani.

Je, kuna kitu kisicho na ukinzani kabisa? Kipo. Mwaka 1911 Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi kelvini 4.2, yaani kama nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani ukatoweka. Kitu cha hivyo kinaitwa superkondakta.

Fikiria kitanda cha kamba. Mmoja akikaa, kamba zinabonyea, wa pili anateleza kumfuata. Elektroni kwa kawaida zinakimbiana, ila moja ikipita inazivuta atomu kidogo, na nyingine inafuata. Mtikisiko huo wa atomu ndio fononi. Zikishaungana mbili mbili, zinapita bila kukwama. Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza hivyo mwaka 1957.

Sasa utamu uko hapa. Mwaka 1950 ilionekana kwamba zebaki yenye atomu nzito zaidi inataka baridi kali zaidi. Lakini strontiamu titaneti inageuza kibao. Ikiwa safi haipitishi umeme. Ukiichanganyia niobiamu kidogo inapata elektroni, na tangu 1964 inajulikana kuwa ni superkondakta, ila chini ya kelvini 1. Mwaka 2016 watafiti wa Geneva waliweka oksijeni 18, iliyo nzito, mahali pa sehemu ya oksijeni 16. Badala ya kutaka baridi zaidi, ikaanza kwenye joto lililo juu kwa karibu nusu!

Kisa? Ndugu yake, bariamu titaneti, iliyomo kwenye kapasita za simu yako, ni feroelektriki: atomu zake zimesogea, chanya huku, hasi kule. Strontiamu titaneti imesimama mlangoni tu, haijaingia. Oksijeni nzito inaisukuma ndani, na pale mlangoni kamba za kitanda zinalegea. Wengi wanaona ulegevu huo ndio unaounganisha elektroni, ingawa namna yake bado wanabishania.

Kwa hiyo mtu akija kukuuzia waya wa nyumbani "usiopoteza umeme", muulize: baridi ya kelvini ngapi? Hata ile ya Tosa mwezi wa saba, kwa kitu hiki ni tanuri!

Nawasilisha. Maoni hapo chini.