Kompyuta Mpya Inapoikataa ya Zamani

Maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi yaliyo karibu na Mahakama ya Watoto ya Tononoka, Mombasa nchini Kenya, hupokea karatasi zenye uzito wa maisha ya watu: vyeti vya kuzaliwa, hati za viapo, nakala za vitambulisho vya wazazi, barua za shule. Tangu Idara ya Mahakama ianze kupokea stakabadhi kwa njia ya mtandao, karatasi hizo haziishii tena kwenye bahasha ya kaki. Huskaniwa zikawa faili, na faili hulazimika kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine kabla ya kupakiwa. Hapo ndipo mambo hukwama.

Kisa chenyewe hakibadiliki sana. Mwenye duka ana fotokopi kubwa ya mtumba, ingali imara, iliyopangwa miaka mingi nyuma kutuma kila inachoskani kwenye folda ya kompyuta ya mezani. Kompyuta hiyo inachoka, ananunua nyingine yenye Windows 11, anaunda folda ya jina lilelile, na fotokopi inagoma. Jirani yake ana Windows XP asiyoweza kuitupa kwa kuwa ndiyo inayoendesha mashine ya kukata stika za tuktuk na matatu. Kompyuta yake mpya haiioni hiyo XP, wala XP haiioni mpya. Kebo ni nzima, ruta inawaka, intaneti ipo. Hukumu ya kwanza huwa kwamba kompyuta mpya ni mbovu na muuzaji ni tapeli.

Si mbovu. Imekataa makusudi, na ina sababu nzuri.

Kompyuta za Windows hugawana folda kwa itifaki iitwayo SMB, iliyobuniwa na Barry Feigenbaum wa kampuni ya IBM mapema katika miaka ya 1980. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, inaelewa toleo la kwanza tu la itifaki hiyo, na fotokopi nyingi za enzi zake ni vivyo hivyo. Vista ilikuja na toleo la pili, Windows 8 ikaleta la tatu mwaka 2012. Kwa muda mrefu mashine mpya ziliendelea kulikubali pia toleo la kwanza, kwa hiyo aliyekuwa dukani hakuona tofauti yoyote.

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017. Programu haramu iliyoitwa WannaCry ilipenya kupitia kasoro iliyokuwa ndani ya toleo hilo la kwanza. Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lilikuwa limeunda zana ya kuitumia kasoro hiyo kwa ujasusi, na zana hiyo ikavuja na kumwagwa hadharani mwezi Aprili. WannaCry haikungoja mtu abonyeze chochote. Iliruka yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ikafunga faili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliambukizwa. Hospitali za umma nchini Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7 ambayo hakuna aliyejali kuisasisha.

Oktoba mwaka uo huo, Windows 10 toleo la 1709 ilianza kuliacha nje toleo hilo la kwanza. Windows 11 za sasa huja likiwa limezimwa, na tangu 24H2 matoleo ya kikazi kama Pro ni makali zaidi: kwa kawaida yanataka kila mazungumzo yawe na sahihi ya uthibitisho, na hayakubali folda ambayo mtu huingia kama mgeni, bila jina wala nywila. Kwa kuwa Microsoft ilikomesha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maduka mengi zaidi yatabadilisha mashine na kukutana na mgomo huu.

Dawa inayotolewa upesi ni kulirudisha toleo la kwanza ndani ya kompyuta mpya. Ni kazi ya dakika chache, fotokopi inaanza tena, fundi analipwa. Mimi naipinga. Kiraka cha 2017 kiliziba tundu moja. Hakikuibadilisha itifaki yenyewe. Toleo la kwanza halisimbi data, na humwachia aliyejipenyeza katikati ya mtandao nafasi ya kusoma na hata kugeuza kinachopita. Kumbuka pia kwamba katika maduka mengi wateja wanaosubiri zamu hupewa waifai ileile inayotumiwa na fotokopi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto mwenye kesi hakistahili kupitishwa njia hiyo. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humwekea wajibu anayeshika taarifa za watu, hata kama ofisi yake ni meza moja na mashine mbili.

Kabla ya kuilaumu itifaki, yapo mambo mepesi ya kukagua, na mara nyingi kosa huwa hapo. Windows 7 na Windows 11 zote zinaelewa toleo la pili, hivyo zikikataana tatizo huenda liko kwingine. Tazama kwanza anwani za mashine zote mbili: kwenye ruta za kawaida za dukani, tarakimu za mafungu matatu ya mwanzo zinapaswa kufanana. Ikiwa moja imeunganishwa kwenye waifai ya wageni, ruta yenyewe inaweza kuwa inazitenga. Kisha angalia kama Windows 11 imeuhesabu mtandao wa duka kuwa wa umma, kama inavyofanya kwa mtandao wowote mgeni. Ubadilishe uwe wa binafsi, la sivyo kompyuta itaendelea kujificha. Usitegemee orodha ya mashine inayoonekana kwenye skrini, maana orodha ya zamani ilitegemea toleo lile lile lililoondolewa. Andika anwani mwenyewe, kwa mfano \\192.168.1.20, na huenda folda ikafunguka papo hapo.

Halafu kuna nywila. PIN unayofungulia kompyuta haifanyi kazi kwenye mtandao, na akaunti isiyo na nywila hukataliwa. Fungua akaunti ndogo ya fotokopi peke yake, yenye jina na nywila, iruhusiwe kuandika katika folda moja tu.

Yote hayo yakishindikana, basi kweli ni suala la kizazi. Kwa fotokopi, tafuta kwanza kama mtengenezaji alitoa programu mpya ya ndani ya mashine hiyo. Kama haipo, nyingi zinaweza kutuma kwa FTP au kuhifadhi kwenye flashi. Kwa XP inayohitaji folda ya pamoja, napendelea mashine ya kati: kompyuta kuukuu yenye Linux na Samba, programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell nchini Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Samba huongea na XP kwa toleo la kwanza, huku ikiongea na Windows 11 kwa la tatu. Tangu toleo lake la 4.11 la mwaka 2019 nayo hulikataa toleo la kwanza mpaka uiruhusu, na XP yenyewe lazima iamriwe kuthibitisha nywila kwa NTLMv2 pekee. Si kazi ya kumshinda mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapo Tudor. Folda hiyo iwe ya kupitia tu, isigeuzwe ghala, wateja wawe na waifai yao mbali, na XP izuiwe kwenye ruta isifike intaneti hata kidogo.

Mwenye mashine ya stika huenda asihitaji mtandao wowote. Flashi inamtosha, mradi iwe imepangwa kwa FAT32, ambayo XP huisoma bila shida ingawa faili moja haiwezi kufika GB 4. Flashi kubwa za sasa, kuanzia GB 64, mara nyingi huja na exFAT, nayo XP haiijui bila nyongeza maalumu. Ikichomekwa flashi ya aina hiyo, XP itauliza kama unataka kuiformati. Jibu ni hapana. Ukikubali, michoro yote iliyomo inafutwa.