MALAWI BAADA YA KURA: TUMEPATA MOYO, LAKINI HATUJALALA



Sisi wa mashamba ya chai ya Rungwe hatuhitaji ramani kuijua Malawi. Ukivuka Mto Songwe umefika. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga ni ndugu, wanaoana na kuzikana. Kwa hiyo matokeo ya kura ya Septemba 16, 2025 yalipotangazwa tarehe 24, redio ya tawi letu ilizungukwa na watu kama meza ya mshahara mwisho wa mwezi.

Peter Mutharika, mzee wa miaka 85, alipata karibu asilimia 57. Rais aliyekuwa madarakani, Lazarus Chakwera, alipata asilimia 33. Kilichotupa moyo si aliyeshinda bali aliyeshindwa. Chakwera alikubali kabla matokeo rasmi hayajasomwa, akampigia mwenzake simu ya heri. Hakuna kijana wa mfanyakazi aliyepelekwa barabarani kufa kwa ajili ya kiti cha mkubwa.

Tukumbuke walikotoka. Kura ya mwaka 2019 ilijaa fomu zilizofutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Watu waliandamana kwa miezi, na Februari 3, 2020 mahakama ikaifuta kura hiyo. Iliporudiwa mwezi Juni, Mutharika aliyekuwa Rais akashindwa. Leo amerudi. Na aliyekuwa mwenyekiti wa tume katika kura ile iliyofutwa, Jane Ansah, ndiye Makamu wake wa Rais. Wenzetu wengi wa Malawi wanalimeza jambo hili kama dawa chungu, na sisi hatuwalaumu.

Tena nchi imegawanyika. Kusini walimpa Mutharika, Kati wakabaki na Chakwera. Mchuma chai wa Thyolo na Mulanje yuko Kusini, na mkulima wa tumbaku wa Kasungu yuko Kati, lakini wote wananunua unga kwa kwacha ileile. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa siku moja! Kwa zaidi ya miaka mitatu bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, na foleni za petroli zikawa ndefu. Huko Kusini kulikuwa pia na kimbunga Freddy cha Machi 2023, kilichoua watu zaidi ya elfu moja. Hiyo ndiyo iliyomwangusha Chakwera, yaani sufuria tupu. Mutharika naye asidhani kwamba sufuria itamsubiri.

Wapo wanaotuambia kwamba siasa si kazi ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1992, chini ya Kamuzu Banda, Chakufwa Chihana, mtu wa vyama vya wafanyakazi, alirudi nyumbani kudai demokrasia akakamatwa pale pale uwanja wa ndege wa Lilongwe. Mwezi uliofuata wafanyakazi wa nguo wa Blantyre waligoma, polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Mwaka 1993 wananchi wakapiga kura kuukataa utawala wa chama kimoja. Kura hii ya leo ilianzia kwa watu hao.

Na sisi yanatuhusu. Machi 2025 Malawi ilizuia mazao fulani ya kutoka nje, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia ya kwao. Katazo letu liliondolewa baada ya siku chache, lakini ndizi haijui mazungumzo ya mawaziri. Inaoza tu.

Jioni ile ya matokeo, mama mmoja mchumaji, ambaye dada yake ameolewa Karonga, alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitenge chake, akauliza, "Haya, mwalimu, na kilo moja ya majani kule watalipa ngapi sasa?" Katibu wetu alitafuta jibu kwenye redio. Walikuwa wamekwisha hamia kwenye mpira.