Lori la jeshi: Chungulia chini kabla ya kulipa

Je, msomaji, umewahi kulitamani lori kuukuu la jeshi? Mfanyabiashara wa mifugo wa Garbatulla, Kaunti ya Isiolo, ana sababu ya kulitamani. Nje ya barabara kuu kuna mchanga na laga, yaani mito mikavu, ambamo lori la kawaida hukwama na mbuzi wake. Lori aina ya Bedford MK, lililoundwa Uingereza kwa ajili ya wanajeshi, hubeba tani 4 na husukumwa na magurudumu yote manne.

Lakini wahenga walisema rahisi ni ghali. Lori lililoachwa uani miaka mingi huharibika likiwa limesimama. Raba za breki hukauka, tangi hushika kutu na tairi hupasuka hata kama meno yake hayajalika. Tazama tarakimu zilizopigwa ubavuni mwa tairi: 2314 ni wiki ya 23, mwaka wa 2014. Zikiwa 3 tu, tairi hiyo iliundwa kabla ya mwaka wa 2000. Itupe!

Kabla ya kulipa, linganisha nambari ya chesisi na iliyo kwenye hati ya umiliki. Kisha anza matengenezo kwa breki, usukani na tairi. Injini ifuate, rangi iwe ya mwisho. Injini ikizima njiani, utalala porini tu. Breki zikikataa mteremkoni, wachungaji wanaosafiri nyuma na mifugo hawatakuwa na pa kukimbilia.